Majibu Usiyonipa

Ilham,

Salamu tulishapeana asubuhi, nawe ulinijibu huku unavuta zipu ya begi, kwa hivyo hizo nnazipita. Mjomba wako kakuchukua Darajani kununua feni ambayo mie naona huihitaji, nyumba imetulia, nami nimekaa kwenye meza ya kula na hasira zangu. Nimeona bora niandike. Nikisema, neno la kwanza hutoka kwa upole, la pili linapanda, la tatu linasikiwa na watu wote wa jengo letu hapa Michenzani. Mkono wangu angalau unakwenda taratibu kuliko mdomo.

Kesho mnapanda boti ya Pemba, wewe na Mundhir. Sitakuandikia habari za mchuzi, wala namna ya kufukiza nguo, wala jinsi ya kuishi na mawifi. Hayo unayajua, na usiyoyajua mumeo anayajua. Nilimwona akikaanga samaki, na hakuunguza hata mmoja. Nnaandika kwa sababu leo umenitia kidole cha jicho, na mpaka sasa sijui nikushukuru au nikufinye.

Nianze na siku ya posa, maana huko ndiko tulikoanza kununiana.

Wazee wa kina Mundhir walikuja na kanzu zao zilizonyooka. Ammi yake mkubwa, kaka wa baba yake, akasema maneno mazuri, mjomba wako Mbarouk akajibu maneno mazuri, halwa ikapita, kahawa ikapita. Mila inataka mama mtu akae nyuma ya pazia, anyamaze. Nilikaa. Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Nikasema kutoka kule kule nyuma: "Sisi kijana tumemridhia. Tunaomba jambo moja tu, kabla ya akdi ya ndoa wapimwe damu wote wawili."

Kikombe cha Mbarouk kiligonga kisahani. Ammi akasema, "Bi Kazija, sisi ni watu wa dini."

"Na mie ni mtu wa dini, ammi," nikamjibu. "Ndio maana nnauliza mbele yenu, sendi kukusengenyeni nje."

Walipoondoka ulitoka chumbani na macho mekundu. Hukunipigia kelele, na afadhali ungenipigia. Ulisema, "Mama, hii ni harusi yangu au semina yako?"

Semina! Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa changu. Mtoto niliyemzaa nikiwa na hofu mpaka kwenye kucha, ananiambia mie nafanya semina. Ungejua nilivyokuwa kabla ya semina hizo usingesema. Na kosa ni langu, kwa sababu umeyasikia vipande vipande tu, kimoja jikoni, kimoja kwa mama yako wa kambo Zuhura, kimoja kwa majirani wasiokuwa na adabu. Sijawahi kukaa nikakupa kwa mfululizo. Basi chukua.

Nilipoolewa na baba yako, Mkokotoni, sikuwa sijafunzwa. Nilifunzwa sana. Nilitiwa ndani na somo wa kufunda wari, bibi mmoja mnene mwenye sauti nzuri, akanisugua singo mpaka ngozi ikang'aa, akanionesha namna ya kukaa, namna ya kuinuka, namna ya kupokea mkoba wa mume mlangoni. Akanambia, "Mwanangu, mume haulizwi atokako, huulizwa atakacho." Wanawake wakapiga vigelegele. Na mie, mwari mjinga, nikapiga pia.

Baba yako alikuwa fundi wa kuchonga milango. Sitamsema mabaya yote. Mkono wake ulikuwa na akili, na akicheka nyumba nzima inacheka. Kazi zilimpeleka Tanga, akikaa huko muda mrefu, akirudi na vitenge na machungwa. Sikumuuliza atokako. Nilimuuliza, "Ule nini?" Nilikuwa mwanafunzi mzuri, Ilham. Mwanafunzi mzuri wa kitu kibaya.

Halafu nikachukua mimba yako. Kliniki hupima waja wazito wote, nami nikatoa mkono bila ya wasiwasi, nikifikiria nitakula nini nikirudi. Nesi akaniita peke yangu, akafunga mlango. Alikuwa mtoto kuliko mie, na alisema wazi kabisa: "Mama, una virusi vya ukimwi. Mtoto tunaweza kumlinda, lakini dawa umeze kila siku, usiruke. Na mumeo naye aje apimwe."

Unajua niliuliza nini? Sikuuliza kama nitakufa. Sikuuliza hata habari yako. Niliuliza, "Nitamwambiaje?"

Kila nikikumbuka swali lile natamani kujipiga kofi. Mwanamke kapewa maradhi na mumewe, na kinachomtisha ni kumuudhi.

Nilimwambia karakanani kwake. Alikuwa anapiga msasa ubao, na hakuacha. "Umeyapata wapi?" akaniuliza. Mie! Mie niliyekuwa sendi hata mazikoni bila ya idhini yake. Nikasema, "Haji, mie sijui mwanamme mwengine." Akapuliza vumbi la msasa, akanambia nirudi kwetu, talaka itanifuata. Ikanifuata kweli, haikukawia.

Na alikuwa anajua. Hilo nililijua baadaye, alipokuwa kitandani akamwambia Zuhura. Tanga walishampima, wakampa dawa, naye akaona kumeza vidonge kila siku ni kukiri, akaviacha. Akakiri kwa njia nyengine, kupitia damu yangu.

Dawa nilimeza. Mama yangu alikuwa akisema kwa watu kuwa ni vidonge vya presha, nikamwacha aseme. Ukazaliwa, ukapimwa, ukapimwa tena ulipoacha ziwa, ukawa salama. Nilitoka pale kliniki nimekubeba, nacheka peke yangu njiani, mpaka mwanamke mmoja muuza mboga akanisogelea kuniuliza kama naumwa.

Ningependa hadithi iishie hapo, mie nimeonewa, wewe umeokoka, tumalize. Lakini kuna habari ya mama yako Zuhura, nawe unaijua kwa juu juu tu, kwa sababu yeye ana ustahamilivu kuliko mie na hapendi kuitaja.

Baba yako alipotaka kuoa tena, mama yake Zuhura alifanya lile ambalo kila mama mwenye akili hulifanya. Alikuja kuulizia. Alikaa kwenye mkeka wetu kule Mkokotoni, akakunja buibui lake vizuri, akasema, "Bi Kazija, nisamehe kwa swali langu. Haji ni mume wako wa zamani, nasi tuna binti. Ana kasoro gani tuijue?"

Mama yangu alikuwa amekaa ubavuni pangu. Aliniminya paja. Hakuhitaji kuniminya, Ilham, maana mie mwenyewe nilikuwa nimeshaamua. Nikisema ana virusi, nimejisema na mie. Na tena, nikuambie kweli maana kesho unakwenda zako, kulikuwa na kijiwivu. Nilifikiri, mbona mie hakuna aliyeniulizia? Nikasema, "Hana kasoro. Ni mambo ya kutofahamiana tu."

Yule mama akanishukuru. Akaniachia na mkungu wa ndizi.

Zuhura alikuja miaka kadhaa baadaye, wakati mie nimeshahamia hapa mjini na wewe unasoma skuli. Haji alikuwa keshaanguka kwa maradhi. Nilifungua mlango nikamjua hapo hapo, ingawa nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye maulidi. Hakukaa kwenye kiti.

"Bi Kazija," akasema, "mama yangu alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Ukamwambia hana kasoro."

"Nilimwambia hivyo."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nayataka, wallahi, ningeyapokea moja moja. Yeye akakaa chini sakafuni, akaomba maji, akayanywa yote. Halafu akasema, "Haya. Sasa nambie hizi dawa zinamezwaje, maana nesi kanieleza lakini sikusikia hata neno moja."

Nikamweleza. Meza wakati ule ule kila siku. Mwanzoni utaota ndoto za ajabu, zitapita. Usigawe na mtu, usiache ukijiona umepona. Alikuwa anaitikia tu kwa kichwa. Alipokwisha kunisikiliza ndipo akalia, nami nikalia, wewe ukaja na daftari lako la skuli kutuuliza saba mara nane ni ngapi.

Yeye ndiye aliyemuuguza baba yako. Alimbembeleza ameze dawa kama anavyobembelezwa mtoto. Hakutaka. Dawa zatolewa bure, hospitali unakwenda kwa miguu, mke na mtalaka wake wa kumkumbusha, na mtu kachagua kufa kwa ajili ya haya. Watu husema nimsamehe, marehemu hasemwi. Nimemsamehe. Lakini bado ananikera.

Baada ya eda ya Zuhura ndipo tulipoanza hiyo unayoiita semina. Mie nilikuwa nimeshashika kazi ya usomo, naitwa kufunda wari mjini na mashamba. Nilikuwa nafundisha yale yale, na vigelegele vile vile. Siku moja nipo na mwari mmoja huko kwetu kaskazini, namsugua mgongo, nikajisikia nasema, "Mume haulizwi..." nikashindwa kumaliza. Mkono ukasimama mgongoni kwake. Yule mtoto akageuka, "Vipi, Bi Kazija?" Nikamwambia, "Umemuuliza mumeo mtarajiwa kama kapima?" Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni.

Tangu siku hiyo nikaweka sharti: sifundi mwari mpaka yeye na bwana harusi wameshapima na kila mmoja anayajua majibu ya mwenzake. Mama zetu wakubwa walinijia juu. Yule somo wangu wa zamani, bado yuhai wakati huo, alinambia mbele ya watu, "Kazija, wewe unafunda wari au unafunda mahakimu?" Shughuli zikakauka. Wakawa wanaalikwa wafundaji wengine. Mie na Zuhura tukawa tunaoka mikate ya kumimina na kuuza, na tunagombana kuhusu sukari.

Halafu wakaanza kuja. Si kwa mlango wa mbele. Mama mmoja jioni, shangazi mtu mwengine kwa simu. "Bi Kazija, binti yetu kachumbiwa, tusaidie kwa siri." Mwanzoni walinikera, siri gani hiyo? Zuhura ndiye aliyenituliza: "Shoga, wewe ulitaka waje au ulitaka waje kwa matarumbeta?"

Kuna mmoja simtaji. Walipima, mwanamme akakutwa navyo virusi, msichana hana. Sote tulidhani posa imekufa. Yule msichana alikaa nyumbani kwao akafikiri mpaka akamaliza, akamwita, akamuuliza maswali yake yote bila ya mtu kati. Kisha akasema anamtaka. Mwanamme akaanza dawa, wakangoja mpaka vipimo vikaonesha virusi vimelala kabisa, hospitali wakawaambia kwa hali hiyo hawezi kumwambukiza mkewe maadamu anaendelea kumeza. Wakaoana. Leo wana watoto, na mke ni mzima. Kwa hivyo usifikiri mie nilikuwa natafuta sababu ya kumkataa mtu. Nilikuwa nataka uingie na macho yako wazi, basi. Ni kitu kikubwa hicho?

Lakini ningekwambiaje nawe ungali umekasirika? Hapakuwa na njia. Kila nikigusa habari ile unainuka, unakwenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi wako wa darasa la kwanza. Ulisema, "Nikimwambia apime ataona simwamini." Ulisema, "Mundhir si baba." Hiyo ya pili ilinichoma, kwa sababu hata mie baba yako nilimwona si kama wengine.

Ndio nikamwendea mwenyewe. Unajua hilo, na ulininunia kwa ajili yake, lakini hujui alichonijibu. Nilimkuta karakanani kwake kainamia friji bovu, mikono ina mafuta. Akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mundhir, mie sina mafumbo. Nataka ukapime."

Akafuta mikono taratibu kwa kitambaa. "Naam, mama. Nimesikia tangu siku ya posa, na mtaa mzima umesikia. Lakini swali hilo nataka aniulize Ilham. Wewe hutakaa na mie Pemba."

Nilitoka pale nimefura. Nikamwona ana kiburi. Nikamwona anakwepa. Usiku nikampigia Zuhura, nikamwambia harusi hii haipo, mie sitoi mtoto. Zuhura akasema, "Kazija, mwache mtoto. Limekwisha." Nikadhani ananiambia nikate tamaa. Kwa kuwa yeye ndiye somo wako, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuwa mbaya wa kila mtu, nikanyamaza. Akdi ikafungwa, fungate ikapita humu humu ndani, nami nawapikia uji na biriani huku meno nimeyauma. Kwenye picha zote za harusi yako naonekana kama niliyepakwa shubiri mdomoni. Ukiulizwa huko Pemba, sema mama alikuwa anaumwa jino.

Tukaja leo. Nilikuwa nakukunjia kanga zako, na mdomo ukaniponyoka: "Haya, ndio umeolewa bila ya kujua."

Ukaacha kazi ya zipu. "Asiyejua ni nani, mama? Tulipima. Kabla ya akdi, na mara mbili, kwa sababu wewe ndiye uliyenifunza kuwa maradhi yakiwa mapya kipimo cha kwanza huweza kisiyaone."

"Nani aliyekupelekeni?"

"Mama Zuhura. Nilimuuliza Mundhir mwenyewe, siku ile ile ulipotoka karakanani kwake."

"Na majibu?"

"Tunayajua."

"Na mie?"

Ukanitazama, Ilham, kwa utulivu ambao sijui umeurithi wapi, maana mie sina na baba yako hakuwa nao. Ukasema, "Wewe hukuolewa na Mundhir, mama."

Nikamkimbilia Zuhura kwenye simu nimgombeze. Alicheka. Wallahi alicheka mpaka akakohoa. "Kazija, wewe si ndiye unayewazuia mama za wari kwenye mlango wa kliniki? Si ndiye unayewaambia, kaa kwenye benchi, mama, majibu haya si yako? Basi na wewe kaa."

Nimekaa. Nakwambia benchi hilo ni gumu. Wanawake wote niliowakalisha hapo wanisamehe, sikujua.

Unajua nimefanya nini mchana? Mundhir alipokuja kula nimemchungulia. Nimemtazama akinywa maji, kama anameza kidonge. Mie, ninayemeza changu kila siku miaka yote hii na nina nguvu kuliko hao mabinti wa mwendo wa kujivuta, nimemvizia mkwe wangu kwenye mlango wa jikoni kama mpelelezi! Aliniona. Akanambia, "Mama, unataka kitu?" Nikasema nataka bakuli. Akanipa bakuli. Nimesimama nalo jikoni sina cha kutia.

Kama ana, ana. Najua namna ya kuishi navyo, na mjuzi kuliko mie mjini hapa umtafute kwa tochi. Kama hana, alhamdulillahi. Kama ni wewe, na hilo nalo nimelifikiria, Mola anajua nimelifikiria, basi vile vile. Kinachonikeketa ni kuwa nimehangaika ukubwa wangu wote wanawake wawe na neno lao wenyewe mdomoni, na wa kwanza kunifungia neno hilo ni mtoto wangu. Na hukunifungia kwa ubaya. Umelitumia kama inavyopasa. Ndio maana sina hata pa kulalamikia.

Ila nina hili moja, na uniache niliseme. Usimuulize mara moja ukadhani umemaliza. Mtu hubadilika, safari hutokea, hasira hutokea. Mie niliacha kuuliza siku ya kwanza, na nilipokuja kuulizwa nilisema uongo, na mwanamke mwengine akaulipia kwa mwili wake. Mwaka wa kumi ukiona kuna kitu, uliza kama ulivyomuuliza siku ile. Naye akikuuliza wewe, usijitie kuudhika, mjibu. Na ualimu wako usiuache kwa sababu yoyote atakayokupa, hata akikupa kwa maneno ya asali. Mwanamke mwenye kazi yake huuliza kwa sauti nyengine.

Nnasikia mjomba wako anapiga honi huko chini, mmerudi na hilo feni. Barua hii ntaitia kwenye mkoba wako, uisome mkiwa baharini, usije ukanijibu hapa tukaanza upya. Usiku tutakula, tutacheka na Zuhura, sitakuuliza. Asubuhi ntakufungia sambusa, ntakubusu, sitakuuliza. Nimeapa.

Lakini mkitoka kesho, mlango uvute wewe mwenyewe ufunge. Usiniachie mie. Nikibaki nao mkononi, mtoto wangu, ntakuita.

Mama yako,
Kazija